Makato ya Mikono ya Gauni

Mdogo wangu alipochumbiwa kule Kwamsisi, alikataa katakata gauni la kukodi. "Dada, si wewe ni fundi? Nataka la kwako." Nilifurahi, kisha nikaogopa. Pale Korogwe nilikuwa fundi cherehani wa sare za shule na magauni ya kawaida. Gauni la harusi sikuwahi kulishona.

Soko huria lilikuwa limefungua kila mlango, na hata sisi watu wadogo tulianza kupewa kadi za benki. Kwenye intaneti kafe nikagundua duka la ng'ambo linalouza michoro ya kukatia nguo, unaichapa pale pale kwenye karatasi, kipande kwa kipande: kifua peke yake, sketi peke yake, mikono peke yake. Bei ya kimoja haikufika hata ya soda. Nikanunua kama ninavyonunua mafuta ya kula, kwa kupima. Leo kifua, juma lililofuata sketi. Nikajiona mjanja. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kilichojaa kilikuwa cha benki.

"Shikamoo mama," binti wa kaunta alinipokea nilipokwenda benki kulalamika.

"Marahaba. Mbona mnanikata zaidi ya bei ya kitu chenyewe?"

"Makato ni kwa kila malipo, mama. Ununue kimoja, ununue kumi, ni yale yale."

Nilitoka nimefura. Kilichobaki kwenye kadi kilitosha mikono bila makato, au makato bila mikono. Harusi inabisha hodi, na bibi harusi hana mikono!

Njiani nikawaza kwetu Handeni. Mtu akitamani nyama hachinji ng'ombe peke yake. Majirani huchanga, ng'ombe akaangushwa, kila mmoja akaondoka na fungu lake. Tatizo, wa kuchanga naye alikuwa mmoja tu: fundi wa kibaraza cha pili, ambaye kwa miaka tulisalimiana kwa kidevu. Sisi mafundi hufichana mitindo kama wake wenza wanavyofichana pesa. Kumwonyesha duka lile ilikuwa sawa na kumkabidhi wateja wangu. Roho iliniuma, lakini mdogo wangu alikuwa ameshawatangazia watu kwamba gauni nashona mimi.

Nikamwambia yote. Akaweka mkasi chini.

"Kuna kola naitafuta mwaka wa pili huu," akasema. "Tuchange, mwenzangu."

Akanipa fungu lake, nikaliweka benki, tukalipa mara moja: mikono yangu, kola yake, makato nusu kwa nusu. Siku zilikuwa zimenibana, na kesho yake akahamishia cherehani yake kibarazani kwangu bila kuombwa.

Mdogo wangu alipendeza mpaka mama akalia. Watu walinipongeza mimi, nami nikawaonyesha aliyeketi pembeni yangu. Mkono wa kulia niliushona mwenyewe. Wa kushoto aliushona yeye, na kusema kweli ndio uliokaa vizuri zaidi.