Vizibo Mia Tisa Tisini na Saba

Juzi mwanangu kanisomea kwenye simu habari za namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, tarakimu zake mamilioni. Namba tasa, kama shule ilikupita kushoto, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamwambia mie ya kwangu niliijulia Temeke, mchangani, tena niliichukia.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa bara, mkali kwa mchicha wake. Mpira wetu ukatua humo humo. Mpira wa ngozi haswa, si wa makaratasi, na Jumamosi tuna mechi na watoto wa Tandika! Tukaenda na shikamoo zetu zote. Akaitikia marahaba, kisha akatumwagia kiroba cha vizibo vya soda.

"Vipangeni mistari iliyo sawa, kisibaki hata kimoja. Mkiweza, mpira wenu huo."

Tukahesabu: mia tisa tisini na saba. Basi wiki nzima ya likizo tukawa uani kwake, harufu ya samaki wa bibi yetu ikivuka ua na kutupitia puani, tunapanga na kupangua. Mistari mitatu, kinabaki kimoja. Saba, vinabaki vitatu. Kaka yangu akaficha kizibo kimoja mdomoni, mistari ikanyooka kama gwaride. Mwalimu akahesabu, akamtazama shavu. "Tema." Tulicheka mpaka kaka akalia.

Dada yetu alikuwa kaacha kupanga, kakaa na kijiti anachorachora chini. Ijumaa akainuka.

"Mwalimu, haipangiki. Mbili imegoma, sasa nne ya nini? Tumefika thelathini na moja, hola. Mistari ikizidi hapo, kila mstari utakuwa na vizibo chini ya thelathini na mbili. Hiyo si tumeshaijaribu? Tunaigeuza upande tu."

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na mpira. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu anikatalie," akasema.

Tukatimka tunapiga kelele. Nilipogeuka, dada hakutufuata. Alikuwa anamuuliza mwalimu namba isiyopangika inayofuata ni ipi, na ya mwisho ni ipi. "Ya mwisho haipo, binti," nikamsikia akijibu, na dada akavuta kigoda akakaa.

Jumamosi tulifungwa vibaya mno. Golikipa wetu alikuwa yeye, na hakuja, wala hakurudi tena golini. Mie nilinuna likizo yote iliyobaki.

Siku hizi ule mchicha ni fremu za maduka, soda zinauzwa kwenye chupa za plastiki, na mwalimu tulishamzika. Dada anafundisha hesabu ng'ambo. Sikukuu anapiga simu, tunaongea juu juu, mtandao unakata. Golini nilishazoea kumkosa. Nyumbani, bado.