Jemu Iliyotiwa Iliki

Jirani yangu leo anachemsha blackcurrant, vile vitunda vyeusi vya ukali, kwa sukari, na harufu ile kali imenirudisha jikoni kwetu Walthamstow, ughaibuni, nilipokuwa mdogo. Mama aliyachuma matunda kwenye kichaka cha uani, akayachemsha mpaka vioo vya madirisha vikatoka jasho. Halafu akatia iliki, kwa kuwa kwao Unguja kitamu bila iliki hakijakamilika.

Tukaipeleka jemu kwenye tamasha la shule. Mwanamke aliyesimamia meza ya mauzo akafungua chupa, akanusa, akaiweka chini ya meza.

“Hii si jemu,” alisema. “Watu hawataitaka.”

Uso ulinichoma kwa haya. Nikamvuta mama baibui. “Mama, let’s go home.”

“Hatwendi pahala, mwanangu.”

Akainama, akaitoa chupa, akaomba kisu na mkate, akaanza kupaka. Kila aliyepita, mama alimzuia: “Onja kwanza!” Bibi mmoja mwenye mkongojo akaonja, akalamba kidole, akataka kipande kingine. Wengine wakamfuata.

Nikapanda juu ya kiti na kupiga kelele kwa Kiswahili, wenzangu wa darasani wakinitazama: “Karibuni! Jemu ya mama yangu hii!”