Kashata za Uzi Mmoja

Leo sukari imeniungulia pamoja na iliki yake, na harufu imenirudisha jikoni kwetu Toronto, ndege zikitikisa madirisha ya ghorofa. Nilikuwa mtoto wa shule, na kesho yake nilikuwa na mtihani wa mzingo na eneo. Mama alikata kashata mbili, akazizungushia uzi uleule: moja vidole vitano kwa vitano, nyingine tisa kwa kimoja.

"Mzingo ni sawa. Chagua, mwanangu."

Nikanyakua ndefu, kaka akabaki na ile nyingine. Mama akazikata kidole kwa kidole. Nilipata vipande tisa, kaka ishirini na tano.

"Mama, nimeibiwa!"

"Si umechagua fimbo mwenyewe?" kaka alisema, mashavu yamejaa.

Kwenye mtihani, swali la kwanza lilihusu bustani mbili zenye uzio sawa. Nikakumbuka vipande vyangu tisa, machozi yakanitoka. Mwalimu akaninong'oneza nisiogope, hesabu yenyewe si ngumu.