Kopo la Senene na Kiranja Wangu Msafi

Nichekeni tu. Nilitoka Bukoba kwenye semina, tulikofundishwa mwalimu asimhukumu mwanafunzi kwa mwonekano. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake, shuleni kwetu Muleba, nikakuta kopo langu la senene, wale panzi watamu wa kukaanga, tupu mezani darasani. Nikamsimamisha Deo, mtundu wa dawati la nyuma. Akainama, nikasema hiyo ni aibu ya mwizi. Akanitazama, nikasema hicho ni kiburi cha mwizi. Nikamtuma Anitha, kiranja wangu msafi, ampekue.

"Hana kitu, mwalimu," akanong'ona, midomo kaibana.

"Basi kawameza wote!"

Deo akanyoosha mkono. "Mwalimu, mwambie kiranja acheke."

Anitha akajisahau, akacheka. Kichwa cha senene kilikuwa kimenasa katikati ya meno yake.

Darasa zima likaangua kicheko, likinitazama mimi.