Kawa Juu ya Bakuli

Nesi Farhana alizoea kuangalia vidole vya mgonjwa wake kabla ya uso. Msukaji huyo wa makawa, vifuniko vya chakula, hakuweza kukaa wodini mikono mitupu. Hata macho yalipokuwa ya manjano kama binzari na ngozi ikimwasha mwili mzima, vidole viliviringa ukindu, vikalowesha ncha kwa mate, vikafumua mzunguko uliopinda na kuanza upya. Wiki tatu hakuna chakula kilichokaa tumboni, na bakuli lake lilirudi jikoni limejaa, wazi. Kwao Wanubi, alimwambia Farhana, chakula hufunikwa kumngoja mlaji. Yeye hana cha kufunika.

Daktari alimweleza kwamba saratani ya kongosho imesambaa, haikatiki tena. Watakachoweza ni kuunganisha utumbo pembeni ili chakula kiuzunguke uvimbe. Msukaji hakuinua kichwa kutoka kwenye ukindu.

"Nitapona?"

"Hapana, Hajati. Lakini utakula."

Akakata ukindu kwa meno. "Basi pasueni. Kufa nitakufa, ila si kwa njaa."

Siku ya saba baada ya upasuaji, Farhana alimletea uji wa ulezi. Akanywa vijiko vinne, polepole, akisikiliza kila kimoja kikishuka. Hakuna kilichorudi. Farhana akanyoosha mkono kuchukua bakuli kama kawaida, akapigwa kikofi. Msukaji akavuta kawa lake, lililobakiza mizunguko miwili tu, akalifunika bakuli.

"Liache hapo," akasema. "Namalizia alasiri."