Sima Yenye Pumba Zake

Esha wa Bongwe alikuwa mwanamke wa jembe na kinu, na kama angeolewa na mtu asiyejali tumbo lake, leo kusingekuwa na la kusimulia. Lakini aliolewa na Chande, mpishi wa hoteli moja ndogo huko Diani, na Chande alipenda kula.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mwanamume akirudi nyumbani na mkate mweupe kwapani na sukari ndani ya karatasi, watu walisema huyo amefika. Kitambi cha Chande kilisifiwa barazani, na nusu ya sifa zilikuwa za Esha, mke anayejua kutunza. Naye alizipokea kwa raha zake zote.

Kisha ikaja kiu. Chande akawa anaukausha mtungi wa maji, usiku halali kwa kutoka nje kukojoa, na kidonda alichokipata unyayoni kikakataa kupona. Matano, dresa wa zahanati, kijana asiyezungusha maneno, alisema ni ugonjwa wa sukari.

"Vidonge vikipatikana nitampa, mama," alimwambia Esha. "Lakini wali, mkate, chai tamu na nyama za mafuta aviache. Mpikie unga usiokobolewa, kunde, mbaazi, mboga za majani. Vyote unavyo shambani. Akirudia vya zamani, mguu huo utakatwa, na pengine tutamzika."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Esha mpaka kwenye mifupa. Akawa anatwanga mtama wake na kuusonga sima na pumba zake humo humo. Kunde akazichemsha chukuchuku, mboga ya mchunga akaipika bila tui la nazi. Chande alilitazama sinia kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Mtama tuliula wakati wa njaa, Esha. Sasa twajitawala, nawe wanirudisha huko?"

"Kula, bwana. Kula kwa ajili yangu."

Akala. Alinung'unika kila tonge, lakini alikula, na kidonda kikaanza kufunga. Kiu ikapungua. Esha alikuwa akiamka kumtazama mumewe alivyolala fofofo, akamshukuru Mungu.

Balaa ni kwamba Chande alikonda. Kitambi kikaisha, mashavu yakaingia ndani, kanzu ya Ijumaa ikamning'inia. Na wanawake waliotwanga pamoja na Esha walikuwa na macho. Waliona hapeti unga wake, waliona kuku wake hawamwagiwi pumba. Haukupita muda neno likazunguka Bongwe nzima, kwamba Esha amlisha mumewe chakula cha kuku, na vizuri avila mwenyewe jikoni. Hakuna aliyeuliza kidonda kikoje. Watu wetu humpima mke kwa mashavu ya mumewe, basi. Kidonda kiko chini, kimefungwa kitambaa, nani ajisumbue kuinama?

Ndipo Mwero, dada mkubwa wa Chande, akaja kutoka Msambweni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kumchukua ndugu yangu."

Esha akafungua kitambaa amwonyeshe nyama mpya ilivyoota. Mwero akageuza uso. "Mguu hauniambii kitu, Esha. Mimi namtazama usoni."

Esha akamgeukia mumewe, akamngoja aseme neno. Chande alitazama mkeka. "Niende nikapumzike kidogo tu," alisema. Ndugu wa damu wakishaamua, mke hana pa kushika. Esha alimfungia unga wa mtama kikapuni, akamweleza Mwero namna ya kuupika, na Mwero alikipokea kikapu kwa adabu zote.

Huko Msambweni walimpenda kweli, wasionewe. Alipikiwa wali wa nazi na kuku wa kupaka, akaletewa halua na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Kila aliyekuja kumtazama mgonjwa alikuja na sahani. Esha alipokwenda kumwona alimkuta amenawiri, anacheka, na chumba kinanuka kidonda. Alisihi wamrudishe nyumbani, akaambiwa ana kijicho. Mguu ulikatwa kabla ya Ramadhani. Chande hakuiona Idi.

Matangani wanawake walimkumbatia Mwero, Esha wakamwachia pembe yake. Aliwasikia wakinong'ona kwamba laiti dada mtu angemwahi mapema. Alivumilia, akavumilia, kisha akamfuata Mwero nyuma ya nyumba.

"Wifi, alikuwa anapona. Kwa nini mlimtoa mume wangu mikononi mwangu, naye hakutaka kwenda?"

Mwero alimtazama kwa macho yaliyovimba. Hakuwa na hasira tena.

"Hakutaka? Ni yeye aliyenitumia mtu. Alisema nije nimtoe, wala nisikwambie ni yeye, kwani moyo wako utavunjika."

Miezi yote ile Esha alidhani wanapigana wawili. Akauliza kwa sauti ndogo, Chande alimtuma mtu huyo lini.

"Kidonda kilipoanza kufunga," Mwero akasema. "Alijiona amekwisha kupona."