Chapa ya Ngamia kwenye Shali za Harusi

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa kuamini uvumi uliozagaa soko la Garissa: kwamba ukichapa maua ya rangi ileile ya kitambaa, maruni juu ya maruni, hakuna atakayeyaona ila anayekupenda. Niliamini kabisa (mimi, mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti kikubwa kama mlango!).

Nilikuwa nampenda Hodan, jirani yetu, kiasi kwamba asipopita dukani kwangu ninapochapa vitambaa nilikuwa naikodolea macho ile njia mpaka mbuzi wakadhani nawachunga (hadi leo nikinusa udi kama wa kwao, nachapa maua kichwa chini). Kumwambia sikuthubutu. Basi dada yake akapata mchumba, nikaagizwa shali za wanawake wote wa harusi, nami kwenye wavu wa kuchapia, katikati ya maua, nikatia chapa ambayo baba yangu Adan huwachoma ngamia wake wajulikane ni wake, nusu duara na mistari miwili, ambayo Hodan anaijua kwa kuwa amekunywa maziwa yao tangu utotoni. Nilitaka iwe kwenye shali yake tu, lakini alama ikishaingia kwenye wavu haitoki, na kutengeneza wavu mwingine ni kazi, nikajiambia, kwani si haionekani? Nikapitisha wino kwenye zote.

Siku ya harusi wanawake wakatoka kumsindikiza bibi harusi kwenye gari, jua la alasiri likawapiga ubavuni, na lo! kila bega linang'aa alama ya baba, mashangazi, makungwi, hadi nyanya asiye na jino. Mzee mmoja mfugaji aliyetoka Bute akainua fimbo.

"Wallahi! Nani amebiga chaba wanawake yetu? Hii ngamia ya nani?"

"Si ni ya Adan wa maziwa!" mwenzake akadakia. "Adan, umenunua hawa wote lini?"

Kicheko kilisikika Mandera. Baba akavuta kofia hadi puani, mimi nikajificha nyuma ya sufuria la pilau, na huko ndiko Hodan alikonikuta.

"Na wewe unaiona?" nikamuuliza (bado nilikuwa na tumaini, jamani).

"Kila mwenye macho anaiona, Bashir. Wino unang'aa, kitambaa haking'ai, mwanga ukija kwa upande kila kitu kinasomeka. Yangu niliiona siku ileile uliyoniletea, niliijaribu uani. Nikangoja useme. Hukusema. Jana nilikubali posa ya mtu wa Takaba."